Ngozi ya shaba iliyoharakisha meli za watumwa

Katika miaka ya 1980, watafuta hazina waliokuwa wakipiga mbizi karibu na ufuo wa Clifton, mjini Cape Town, Afrika Kusini, walikuta mabaki ya meli ya mbao. Wakasema ni meli ya Waholanzi ya zamani sana, na habari ikaishia hapo. Miaka mingi baadaye wanaakiolojia wa makumbusho ya Iziko ya mji huo walipoyaangalia mabaki hayo upya, kitu kimoja kilikataa kukubaliana na maelezo hayo. Mle chini ya mchanga mlikuwa na misumari ya shaba na mabamba membamba ya shaba, ya aina iliyotumika kufunika sehemu ya meli inayokaa ndani ya maji. Meli ya umri uliodhaniwa isingeweza kuwa na shaba ya namna hiyo.

Upekuzi katika makaratasi ya zamani ukaleta jina: São José Paquete d'Africa, meli ya Wareno. Ilitoka Lisbon mwaka wa 1794, ikapita Msumbiji, na mwezi wa Desemba ikang'oa nanga kuelekea Brazil ikiwa na watu zaidi ya 400 waliofungwa ndani yake. Tarehe 27 Desemba ilipasuka kwenye miamba, karibu kabisa na nchi kavu. Kiasi cha mateka 212 walikufa maji. Walioponea waliuzwa tena pale Cape Town, siku chache tu baadaye. Habari ya kutambuliwa kwa meli hiyo ilitangazwa mwaka wa 2015.

Kwa msomaji wa Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, shaba ni kitu cha kila siku. Inapita barabarani ndani ya malori, ikielekea Kasumbalesa. Kila mtu anajua kwamba inaenda kuwa nyaya za umeme, injini na sehemu za magari. Lakini zamani sana kabla ya umeme, moja ya kazi kubwa za kwanza ambazo viwanda vya Ulaya viliipa shaba ilikuwa kuvalisha meli, tena chini ya maji, mahali ambapo hakuna jicho linaloiona. Na kati ya wenye meli za biashara, waliokimbilia kuinunua mapema walikuwa wafanyabiashara wa watumwa.

Mnyoo anayekula meli

Mambo yote yalianza na kiumbe kidogo. Mabaharia walimwita mnyoo, ingawa kwa kweli ni ndugu wa chaza na kome. Ana mwili mrefu laini, na mbele ana magamba mawili madogo yenye makali ambayo anayatumia kama tupa. Anaingia ndani ya ubao akiwa mdogo sana, kwa tundu ambalo mtu anaweza kulipita bila kuliona, kisha anakula kuelekea ndani huku akikua. Kwa nje ubao unaonekana mzima. Kwa ndani umekuwa kama sega la nyuki. Siku moja meli inagusa jiwe dogo ao inapigwa na wimbi kali, na ubao unavunjika kama mkate mkavu.

Mnyoo huyo anapenda maji ya chumvi, na katika bahari za joto anafanya kazi haraka zaidi. Ndiyo maana mitumbwi na mashua za ziwa Kivu ao Tanganyika hazimjui kabisa: maji yetu ni baridi kwake, maana yake hayana chumvi ya bahari. Christopher Columbus alimjua vizuri. Mwaka wa 1503, katika safari yake ya nne, meli zake mbili za mwisho zilikuwa zimetobolewa kiasi kwamba alilazimika kuzipandisha kwenye ufuo wa Jamaica, na alibaki hapo akingoja msaada kwa muda wa mwaka mmoja.

Tena mnyoo hakuwa peke yake. Majani ya baharini na viumbe vyenye magamba magumu vinang'ang'ania chini ya meli, miezi michache tu ikipita, mpaka meli inakuwa kama mtu anayeogelea akiwa amevaa koti zito. Mwendo unapungua, maji ya kunywa yanaisha njiani, chakula kinaoza.

Kila watu walitafuta dawa yao. Kwenye pwani ya Waswahili, kutoka Lamu mpaka Kilwa, mafundi wa majahazi walitumia deheni, yaani mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa. Jahazi linaegeshwa ufukoni, maji ya bahari yanapokupwa tumbo lake linabaki wazi, linasuguliwa na kupakwa deheni kwa mikono. Dawa hiyo inafanya kazi, lakini inaisha, na inapoisha inapakwa tena. Warumi wa kale walifunika baadhi ya meli zao kwa mabamba ya risasi. Waingereza nao walijaribu risasi katika karne ya 17 na kuiacha: ilikuwa nzito, na vyuma vya usukani vilivyokuwa karibu nayo vililiwa na kutu.

Dawa ambayo watu wa Ulaya waliizoea zaidi ilikuwa ya kuhuzunisha kidogo. Walipigilia juu ya ubao wa meli ubao mwingine mwembamba wa bei nafuu, na katikati yake wakaweka nywele za wanyama zilizochanganywa na lami. Mnyoo alipewa ubao huo wa nje aule. Ukiisha, unang'olewa, unawekwa mwingine.

Karatasi iliyosahauliwa

Mwaka wa 1761 jeshi la maji la Uingereza lilichagua manowari moja, HMS Alarm, likaifunika chini kwa mabamba membamba ya shaba na kuituma katika bahari ya joto ya Karibi. Iliporudi na kuchunguzwa mwaka wa 1763, wakaguzi walifurahi. Mnyoo hakugusa mbao zilizofunikwa. Majani na magamba hayakushika. Shaba inayeyuka ndani ya maji ya chumvi polepole sana, na kile kinachoyeyuka ni sumu kwa viumbe wadogo wanaotaka kujishikiza hapo. Kwa maneno mengine, gamba hilo lilikuwa likilinda meli kwa kujimaliza lenyewe.

Furaha hiyo ilikuwa na doa. Misumari ya chuma iliyoshika mabamba, na vyuma vya usukani, vilikuwa vimelika vibaya sana. Isipokuwa katika sehemu chache. Katika sehemu hizo, mafundi walisahau kutoa karatasi ya kahawia ambayo mabamba yalifungwa ndani yake yalipotoka kiwandani. Pale karatasi ilipotenganisha shaba na chuma, chuma kilibaki kizima.

Leo mwanafunzi yeyote wa fizikia angeeleza: shaba, chuma na maji ya chumvi vikikutana vinafanya betri. Umeme unapita, na chuma, kilicho dhaifu kati ya viwili hivyo, kinaliwa. Lakini mwaka wa 1763 hakuna mtu aliyekuwa ametengeneza betri. Wakaguzi waliona tu kwamba vitu hivyo viwili haviwezi kukaa pamoja, wakaandika hivyo, na jambo likawekwa pembeni kwa zaidi ya miaka 10.

Vita ndivyo vilivyolirudisha. Uingereza ilikuwa inapigana na makoloni yake ya Marekani, kisha Ufaransa na Hispania zikaingia upande wa pili. Meli za Waingereza zilikuwa chache kuliko za adui zao. Charles Middleton, aliyekuwa msimamizi mkuu wa meli za jeshi hilo, aliona kwamba meli yenye shaba inaenda mbio zaidi na haihitaji kurudi bandarini kila mara kusafishwa. Kati ya 1779 na 1781 aliharakisha kazi ya kuvalisha meli za vita shaba, moja baada ya nyingine. HMS Victory, ambayo baadaye ilipata sifa katika vita vya Trafalgar, ilifunikwa mwaka wa 1780 kwa mabamba 3,923.

Tatizo la misumari lilitafutiwa njia za mkato: karatasi nene, lami, rangi. Hazikutosha. Mwezi wa Septemba 1782 dhoruba kubwa ilikamata msafara wa meli za Uingereza katikati ya Atlantiki, manowari kadhaa zikapotea pamoja na maelfu ya watu, na wengi walishuku kwamba bolti za chuma zilizokuwa zinashikilia mbao zilikuwa zimelika chini ya shaba bila mtu kujua. Hilo ndilo jambo la kutisha katika kifuniko chochote: kinaficha pia kile ambacho kinapaswa kuonekana. Muda mfupi baadaye zilipatikana bolti za shaba iliyokazwa na mitambo, ngumu ya kutosha kushika meli nzima, na chuma kikaondolewa chini ya maji.

Haraka ya Liverpool

Hapo ndipo habari ya shaba inapoingia katika historia ya nchi zetu.

Meli ya watumwa ilikuwa na safari mbaya kuliko meli nyingine zote za biashara. Ilitoka Liverpool ao Bristol, ikateremka mpaka kwenye pwani ya Afrika, na pale ikakaa miezi, ikiwa imetia nanga katika maji ya moto, huku nahodha akinunua watu mmoja mmoja ao kumi kumi. Hayo ndiyo maji anayoyapenda mnyoo. Kisha ilivuka Atlantiki ikiwa imejaa watu, na kila siku iliyoongezeka njiani ilikuwa siku ya kukosa maji ya kunywa, ya kuhara damu, ya maiti kutupwa baharini. Kwa nahodha na tajiri wake, maiti hizo zilikuwa hasara ya pesa.

Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Shaba ni ghali, lakini inakata siku za safari. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1770, matajiri wa Liverpool waliivalisha meli zao, na katika miaka ya 1780 ikawa desturi. Wachunguzi wa historia ya uchumi waliolinganisha safari za meli zenye shaba na zisizo na shaba wanaonyesha kwamba safari zilifupika na vifo vya mateka vilipungua. Vifo hivyo vilikuwa na sababu nyingine pia za kupungua, ikiwemo sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1788 iliyoweka mpaka kwa idadi ya watu waliopakiwa kulingana na ukubwa wa meli.

Mtu anaweza kusoma hesabu hiyo na kusema shaba iliokoa maisha. Ni kweli kwa mtu aliyefika ng'ambo akiwa hai badala ya kufa njiani. Lakini meli iliyomaliza safari haraka ilirudi haraka kuchukua wengine, na biashara iliyopunguza hasara ilikuwa na nguvu ya kuendelea. Huruma haikuwa katika hesabu za matajiri wa Liverpool.

Na walirudi wapi? Kati ya watu wapatao milioni 12.5 waliopakiwa katika meli za kuvuka Atlantiki, zaidi ya milioni 5 walitoka katika pwani inayoanzia Loango na kuteremka mpaka Benguela. Loango sasa iko Congo-Brazzaville. Malembo na Cabinda ziko upande wa Angola. Katikati yake uko mdomo wa mto Congo, pamoja na Boma, ambayo kabla ya kuwa mji mkuu wa dola la Leopold wa Pili ilikuwa soko la watu. Mateka waliofika huko walipitishwa kutoka mbali, wengine wakiteremshwa kwa mitumbwi ya wafanyabiashara Wabobangi mpaka Pool, palipo Kinshasa leo, kisha kwa miguu hadi baharini. Wengi walikuwa hawajawahi kuona maji ya chumvi.

Shaba yenyewe haikutoka kwao. Ilitoka katika migodi ya Cornwall na ya mlima Parys katika kisiwa cha Anglesey, na sehemu kubwa iliyeyushwa Swansea, huko Wales. Thomas Williams, aliyetawala shaba ya Anglesey, aliuza mabamba na bolti kwa jeshi la maji, na viwanda vyake vilitengeneza pia mabeseni na bangili za shaba za kununulia watu Afrika. Bunge la Uingereza lilipoanza kujadili kupunguza biashara ya watumwa mwaka wa 1788, Williams alipeleka malalamiko: alikuwa ametia mtaji mkubwa katika vyombo hivyo, na sheria ingemharibia. Shaba yake ilikuwa inalipa pande zote mbili, juu ya meli kama bidhaa na chini ya meli kama ngozi.

Lakini pwani hiyo ilikuwa na shaba yake. Katika karne ya 17, misafara ya Wavili wa Loango ilienda mpaka eneo la Mindouli kufua shaba na kuirudisha pwani, ambako Waholanzi waliinunua. Huko Katanga, mafundi waliyeyusha malakiti katika tanuru za udongo na kumimina misalaba ya shaba iliyotumika kama mali ya kubadilishana katika eneo kubwa la Afrika ya kati. Ufundi wa kuyeyusha ulikuwepo, hata mawe yenyewe yalikuwepo. Katika karne ya 18 watu wa pwani ya Loango walikuwa wanapokea shaba ya Wales na kutoa binadamu.

Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 1807, na mwaka uliofuata ikaanza kutuma meli za kuwakamata waliokaidi. Mdomo wa mto Congo ulikuwa moja ya maficho yao kwa miaka mingine zaidi ya 50. Meli za doria zilikuwa na shaba chini. Meli za magendo, nyembamba na zenye mbio, nazo zilikuwa na shaba chini.

Pale shaba ilipokatazwa kuoza

Kuna kisa kingine kinachostahili kusimuliwa, kwa sababu kinaonyesha jinsi gamba hilo lilivyofanya kazi kweli. Jeshi la maji la Uingereza lilikuwa linalalamika kwamba mabamba yanaisha upesi mno. Mwanakemia Humphry Davy aliombwa atafute dawa. Kufikia 1824 alikuwa ameelewa kile ambacho wakaguzi wa Alarm hawakukielewa: ukigusanisha shaba na chuma ao zinki ndani ya maji ya chumvi, kinachoungana nayo ndicho kinacholiwa na shaba inapona. Basi akashauri vipande vidogo vya chuma viwekwe makusudi, viliwe badala ya shaba. Jaribio lilifanywa kwenye manowari HMS Samarang.

Alifaulu kabisa. Shaba haikuliwa. Na meli ikajaa majani na magamba, ikawa nzito kama zamani, kwa sababu shaba isiyoyeyuka haimtishi mtu. Jeshi likaamuru vipande hivyo vitolewe. Wazo la Davy halikupotea, hata hivyo: vipande vya zinki vinavyofungwa leo kwenye meli za chuma na mabomba ya chini ya ardhi vinafuata kanuni hiyo hiyo.

Mwaka wa 1832 George Muntz wa Birmingham aliandikisha mchanganyiko wake wa sehemu kama 60 za shaba na 40 za zinki, wa bei nafuu kuliko shaba tupu na wenye kuyeyuka kiasi cha kutosha. Huo ulifunika meli nyingi za biashara za karne ya 19. Kisha zikaja meli za chuma. Mnyoo akapoteza chakula, lakini majani na magamba hayakwenda popote, na shaba haiwezi kupigiliwa moja kwa moja juu ya chuma kwa sababu ile ile ya betri. Ikageuzwa kuwa unga ndani ya rangi.

Katika miaka ya 1960 rangi zenye sumu ya bati ziliingia sokoni na kufanya kazi vizuri kupita kiasi. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza walianza kuota magamba yaliyopinda na kushindwa kuzaana. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulikubaliwa mwaka wa 2001 na kuanza kutumika mwaka wa 2008. Wenye meli wengi wakategemea tena shaba. Nayo si malaika: bandari ambamo meli nyingi zinalala, shaba inayoyeyuka inajikusanya katika matope, na baadhi ya nchi zimeanza kuweka mipaka.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo sasa ni ya pili duniani kwa kutoa shaba, nyuma ya Chile, ikiwa imepita tani milioni 3 mwaka wa 2024. Sehemu ya shaba hiyo imeanza kupita tena kwenye reli ya Lobito, ile iliyofika Katanga mwaka wa 1931 na kukatwa na vita vya Angola. Mwezi wa Agosti 2024 shehena iliyotoka Kolwezi kwa reli hiyo ilipakiwa kwa safari ya Marekani. Bandari ya Lobito iko kama kilomita 30 tu kutoka Benguela, ambako mamia ya maelfu ya mateka walipakiwa katika meli za kwenda Brazil.

Mtu anayesimama kwenye gati la bandari kama hiyo anaweza kuona, meli inapokuwa haijapakiwa na inaelea juu, mstari mwekundu chini ya rangi nyeusi ya ubavu wake. Wekundu huo wa kawaida wa chini ya meli asili yake ni oksidi ya shaba. Kadiri mizigo inavyoshushwa ndani, meli inazama polepole, na mstari huo unapotea chini ya maji.